Ukucha wa Mize

Jecha kauweka kiganjani,
kaugeuza juani, kauchungulia kwa kioo cha kukuzia,
kisha kanitazama kama daktari
aliyekwishasoma karatasi kabla yangu.
"Dada, huu si wa chui.
Hii pembe. Pembe ya ng'ombe."

Kesho Mkasi anatimiza arubaini.
Kesho anatolewa nje kuliona jua la Muyuni,
na kabla ya jua, shingo yake ivishwe uzi mweusi
na ukucha huu uliovalishwa fedha
na sonara wa Mkunazini
aliyelipwa mbuzi jike na pishi mbili za choroko.
Ndivyo ilivyo kwetu toka Mize, bibi yangu,
mtoto wa saba wa mama aliyezika sita.

Sikatai, sisi ni watu wa viungo vya wanyama.
Mjomba Ussi ngoma yake kaiwamba kwa ngozi ya kenge,
ati ya mbuzi hailii, inakohoa.
Shangazi ana chanuo cha gamba la ng'amba:
nywele zimekwisha, chanuo lipo.
Tulisuguliwa vifua kwa mafuta ya papa
tukakaa skuli madawati ya peke yetu.
Lakini chui alikuwa mwengine.
Usiku hatajwi. Ni Mwenye Madoa.
Na aliyesemwa kuwa anaye, kichakani kwake,
watu walimwamkia mara mbili.

Mama akifunga uzi husema, mdomo karibu na utosi:

*Mwendo wako wa kuficha,
macho yako hadi kucha,
umlinde kwa ukucha,
huyu ni damu ya kwetu.*

Kauvaa Mize. Kauvaa mama. Nimeuvaa mimi,
alama za meno yangu ya kwanza zingali ubavuni.
Kaka yangu alipokamatwa na degedege
walimfumbatisha ngumini
hata vidole vikalegea vyenyewe.

Nikamfuata mama jikoni. Anakuna nazi.
Hakuinua uso.
"Kwani ulidhani chui alikuja kujikata kucha?"

Babu Vuai, kasema, aliingia msituni siku tatu,
akatoka na mikwaruzo ya miba na hofu yake mwenyewe.
Nyumbani mke ana mimba ya saba, hali, halali.
Zizini yuko Sinahaki, dume la gari,
mbeba mawe ya kwenda tanuuni,
aliyevunjika pembe gurudumu lilipozama.
Babu kaichukua ile pembe, na tupa, na kipande cha chupa,
kakaa nyuma ya choo mausiku,
kakwangua, kapinda kwa moto, kapaka masizi na mafuta.
Sonara alijua tangu kuushika.
Yule mbuzi jike ilikuwa bei ya kunyamaza.

"Nani kakwambia?"
"Mize. Aliikuta pembe darini, haina ncha."
"Na ukatufunga, unajua?"
Mbuzi ya nazi ikasimama kidogo.
"Nilikufunga. Kwani ulikufa?"

Nje, Jecha kafungua daftari la Maliasili,
kakata mstari mmoja kwa rula.
Chui mmoja kapungua Unguja,
na hajawahi kuwapo.

Alfajiri nimeshika uzi, mtoto mapajani.
*Mwendo wako wa kuficha*, nikaanza,
nikakwama.
Sinahaki hakuficha mwendo.
Gari lake, kasema mama, lilisikika toka njia panda,
linalia kwa kukosa mafuta,
na watoto wakilikimbilia ili wapakiwe.
Alikula majani. Hakumkwaruza mtu.
Alivuta mawe ya nyumba za wengine
mpaka goti likakataa, wakamla, ngozi ikawa viatu,
na ncha moja ya kichwa chake
ikakaa macho shingoni mwetu miaka yote hii
kwa jina la mwengine.

Nikaruka mstari ule. Nikasema tu:
huyu ni damu ya kwetu.

Nikakaza fundo.
Mkasi kaupeleka kinywani,
fizi tupu juu ya alama za meno yangu,
anaguguna.